Naomba ushauri: onyo namba 1265 linanisumbua, nilizimeje?

Karani wa Mwaloni: Wakuu, habari za jioni. Ninaingiza kwenye hifadhidata ya MySQL kumbukumbu za wavuvi wa dagaa wanaomuuzia tajiri yangu hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na kila ninapoingiza fungu jipya napata onyo namba 1265, kwamba data ya safu ya jina imekatwa. Rekodi zote zinaingia, hakuna inayokataliwa, ila maonyo yanajaza skrini na tajiri ameanza kuyaulizia. Naomba kujua namna ya kuyazima kabla ya kesho asubuhi.

Mzee wa Daftari: Nimenunua dagaa miaka mingi na daftari langu halijawahi kukata jina la mtu. Panya walilitafuna mara moja tu, nikaandika upya.

Fundi Seva: Kuzima onyo si tiba. Tangu toleo la 5.7, MySQL huja na ukali wake, yaani hali ya kukataa data isiyofaa safu, ukiwa umewashwa, na jina refu kuliko safu hukataliwa kwa kosa namba 1406, halikatwi. Ukiona onyo mahali pa kosa, ujue kuna aliyelegeza ukali huo. Ni nani?

Karani wa Mwaloni: Sikuona kama hilo linahusika. Mwanzoni ilikuwa ikigoma kwa kosa hilohilo la 1406, nikaongeza neno IGNORE, linalogeuza kosa kuwa onyo tu, kwenye amri ya kuingiza, INSERT, na kazi ikaendelea. Herufi 20 za safu ya jina zinatosha kwa majina mengi, na mwenye majina matatu atatambulika kwa mawili. Tafadhali nisaidieni nililouliza.

Mama Risiti: Mdogo wangu, mimi nilikatwa jina la tatu kwenye kadi, nikazunguka miezi miwili nikithibitisha kwamba mimi ndiye mimi. Unaliona jepesi kwa kuwa jina si lako.

Dada Takwimu: Andika SHOW WARNINGS, amri ya kuorodhesha maonyo, mara tu baada ya INSERT, usome mstari kwa mstari. Je, hakuna namba 1264 humo, onyo la namba iliyozidi uwezo wa safu? Na namba za simu umeziweka kwenye safu ya aina gani?

Karani wa Mwaloni: Samahani kwa kuchelewa. 1264 ipo, tena nyingi, na safu ya simu ni INT, yaani ya namba kamili. Nimefungua jedwali: wavuvi wote ambao simu zao ziliandikwa kuanzia 255 sasa wana namba moja, 2147483647, ambayo ndiyo kikomo cha INT, na walioandikwa kuanzia sifuri wamepoteza sifuri hiyo. Kesho malipo yanatumwa kwa simu kwa kufuata jedwali hili, na tajiri nilishamwambia kwamba kazi imekwisha.

Taa ya Karabai: Hadithi hii imetungwa. Juzi usiku mwezi ulikuwa mpevu, na kila mtu wa ziwani anajua kwamba dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mitumbwi imepandishwa nchi kavu. Hayo malipo ya kesho ni ya dagaa gani?

Karani wa Mwaloni: Kaka, ndiyo maana yanalipwa kesho. Hesabu za giza lililopita tunazifunga wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika.

Mzee wa Daftari: Hapo kijana amesema kweli. Huyo 2147483647 ndiye atakayeamka tajiri kuliko wavuvi wote.

Fundi Seva: Ukipanua safu sasa, kilichokatwa hakirudi. Tunza nakala ya jedwali lilivyo, geuza simu iwe VARCHAR(15), yaani maandishi ya hadi herufi 15, kwa sababu namba ya simu haijumlishwi wala haitolewi, jina lipe herufi 100, ondoa IGNORE, kisha ingiza upya kutoka kwenye faili la awali. Unalo?

Karani wa Mwaloni: Nililifuta, kwa kuwa rekodi zote zilikuwa zimeingia. Madaftari ya mawakala ninayo, isipokuwa la wakala wa kisiwa cha Ukara, ambalo mwenyewe ameondoka nalo mchana. Naanza na haya niliyonayo, na tajiri nitampigia sasa hivi ili watu wa Ukara walipwe keshokutwa.

Mzee wa Daftari: Wakala wa Ukara namfahamu. Namba yake ninayo daftarini, kamili na sifuri yake. Nitumie ujumbe wa faragha.