Ushauri: nataka moshi wa jenereta uchemshe maji, mvuke uzungushe alteneta ya pili

Mkamuaji_Singida
Wakuu, salaam. Nina kiwanda kidogo cha kukamua alizeti kijijini, mwendo wa saa moja na nusu kutoka Singida mjini. Umeme wa gridi haujatufikia, kwa hiyo mashine ya kukamua, pampu ya chujio na taa vyote vinategemea jenereta ya dizeli ya kVA 50. Msimu ukipamba moto inanguruma saa nane kwa siku na kunywa lita 9 kila saa. Nikishalipa mbegu, dizeli ndiyo inayofuata kunimaliza.

Juzi fundi alikuja na kipimajoto cha waya tukakiingiza kwenye bomba la moshi: nyuzi 450. Tangu siku hiyo sina usingizi. Nasimama pale nyuma nahisi ule upepo wa moto na najua kila sekunde ni hela yangu inapaa angani.

Nikaanza kusoma. Kumbe BMW mwaka 2005 walionyesha mtambo wa mvuke unaokula joto la moshi na la rejeta, wakauita Turbosteamer. Kwenye injini ya lita 1.8 walisema mafuta yalipungua asilimia 15 na nguvu ikaongezeka kilowati 10. Mwaka uliofuata Mmarekani Bruce Crower akaja na injini ya mipigo sita: baada ya mpigo wa moshi, maji yanarushwa ndani ya silinda iliyo moto na mvuke unasukuma pistoni mara ya pili.

Mpango wangu ni huu. Nichukue mtungi wa gesi wa kilo 38 uliokwisha, nipitishe bomba la moshi katikati yake, nijaze maji. Mvuke uende kwenye kompresa kuukuu niliyoigeuza kuwa injini, nayo izungushe alteneta ya lori. Nitapata nyongeza kiasi gani? Na nianzie wapi?

FundiNozeli
Mkuu, kabla ya yote, huo mtungi uweke chini. Ule umetengenezwa kubeba gesi kwenye joto la kawaida, haukutengenezwa kutobolewa, kuchomelewa na kupikwa. Naomba sana usianze kuchomelea mpaka wengine wachangie.

Oila Mstaafu
Kijana, mimi nimekula miaka 22 chumba cha injini, melini. Hilo wazo lako si la kipuuzi hata kidogo, tunalo kwenye kila meli kubwa. Juu kwenye chimni kuna boila ya moshi, injini kuu ikitembea ile boila inatoa mvuke bila kuchoma tone la mafuta. Lakini nikuulize: unajua mvuke ule unakwenda wapi? Sehemu kubwa unakwenda kupasha moto mafuta mazito ya injini, maana yakipoa yanakuwa kama lami, hayapiti kwenye pampu. Unapasha matangi, unapasha maji ya kuoga. Tabaini, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na mvuke, ya kuzalisha umeme utaikuta kwenye meli kubwa mno tu, zile za makontena zenye injini ya makumi ya maelfu ya kilowati. Meli za kawaida hawahangaiki nayo, na pale melini pana mainjinia wanne.

Na hatari yake tunaiheshimu. Masizi yakijazana kwenye mabomba ya boila yanashika moto, na moto wa masizi unayeyusha chuma. Maji nayo yanatiwa dawa na kupimwa kila siku, vinginevyo ukoko unajenga ndani na bomba linaungua.

Sasa fikiria huo mtungi wako una lita 40 za maji kwenye nyuzi 170. Siku mshono ukiachia, kilo tano hivi za maji hayo zinageuka mvuke papo hapo, zaidi ya lita 8,000 za mvuke ndani ya kibanda chenye watu. Boila yoyote ya presha inatakiwa ikaguliwe na OSHA, wale wa serikali wa usalama kazini, na si urasimu, ni makaburi yaliyofundisha watu.

Hesabu Kwanza
Nimekaa na kalamu, mkuu. Lita 9 za dizeli kwa saa ni takriban kilowati 90 za joto. Kwa mzigo mzuri unapata umeme kama kilowati 30. Moshi unaondoka na kama 27, rejeta inachukua kiasi kinachokaribiana na hicho, zilizobaki zinapotelea kwenye mwili wa injini na alteneta.

Hizo 27 huwezi kuzinasa zote. Ukitaka mvuke wa presha ya baa 8 maji yanachemka kwenye nyuzi 170, kwa hiyo moshi utatoka boila ukiwa na nyuzi 200 hivi. Umenasa kilowati 16. Hizo zinakupa kilo 21 za mvuke kwa saa.

Hapa ndipo roho inauma. Mvuke ukiingia na nyuzi 170 na kutokea hewani na nyuzi 100, sheria ya maumbile haikuruhusu kuvuna zaidi ya asilimia 16 ya joto lile, hata ukiwa na mashine ya malaika. Kompresa iliyogeuzwa itakupa asilimia 6 ukiwa na bahati. Hiyo ni kilowati moja. Toa pampu ya maji, toa upotevu wa alteneta ya lori ambao ni mkubwa, unabaki na nusu kilowati na ushee. Ni kama asilimia 2 ya umeme wako, yaani lita moja na nusu ya dizeli kwa siku. Na kwa ajili hiyo unakaa na bomu ukutani.

BMW walikuwa na mizunguko miwili ya joto, kondensa ya kuurudisha mvuke kuwa maji, na wataalamu waliofanya hiyo kazi tu kwa miaka. Hata hivyo hawakuuza gari hata moja lenye mtambo ule. Waingereza walijaribu zamani zaidi: miaka ya 1920 kampuni ya Kitson ya Leeds iliunda kichwa cha treni ambacho upande mmoja wa pistoni ulisukumwa na dizeli na upande wa pili na mvuke uliopatikana kwa joto la injini ile ile. Kilitembea kweli kati ya York na Hull, na dizeli ilipungua. Lakini ni injini mbili za kutunza mahali pa moja.

Swali langu kwako: hapo kiwandani kuna kitu kingine chochote unachokipasha moto?

Mtoto wa Mazeras
Sasa ndugu zangu. Hapa kwetu Rabai karibu na Mombasa kuna kituo cha umeme cha megawati 90, injini kubwa za mafuta mazito, na moshi wao unapitia boila halafu tabaini ya mvuke. Kwa hivyo inafanya kazi, sikatai. Lakini injini moja pale ni kubwa kama nyumba. Ukubwa ndio unalipa ile gharama. Kwa kVA 50 sioni ikirudisha pesa yako.

Mama Mashudu
Mwanangu, mbona hujasema mafuta yakishakamuliwa unayafanyaje? Mimi nakamua Dodoma, na kinachonila si dizeli peke yake, ni kuni za kuchemshia mafuta.

Mkamuaji_Singida
Mama, umenigusa. Ni kweli, mafuta tunayachemsha kwenye pipa juu ya mafiga kuondoa maji kabla ya kuchuja. Kuni zinakuja kwa trekta, na kila mwaka zinatoka mbali zaidi. Sikuona kama yanahusiana.

Hesabu Kwanza
Yanahusiana moja kwa moja! Joto ukilitumia kama joto hulipi ule ushuru mkubwa wa kuligeuza nguvu. Pipa la lita 200 ni kilo 184 za mafuta. Kulitoa nyuzi 30 hadi 85 kunahitaji megajuli 20. Ukiupoza moshi hadi 170 kwa maji ya moto unanasa kilowati 18, kwa hiyo pipa linafika hapo kwa nusu saa, upotevu ukiwemo. Kuni zibaki za kumalizia tu, kutoka 85 hadi maji yote yatoke. Umekata zaidi ya nusu ya mzigo wa kuni, na hakuna presha hata kidogo kama tangi la maji liko wazi juu.

Usipitishe moshi moja kwa moja ndani ya mafuta. Sehemu moja itaungua, na bomba likitoboka umelisha watu masizi. Tengeneza koti la maji kuzunguka bomba la moshi, maji yapande yenyewe hadi pipa la nje, pipa la mafuta likae ndani yake. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 kama Singida maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo 85 kwa mafuta inatosha kulenga. Usiupoze moshi ukashuka chini ya nyuzi 150, salfa iliyomo inakuwa tindikali na kula bomba.

FundiNozeli
Na mimi niongeze la dizeli, maana ndilo ulilokuja nalo. Mashine ya kukamua unaiendesha kwa mota ya umeme, si ndiyo? Injini inazungusha alteneta, inapoteza kama asilimia 10. Umeme unazungusha mota, inapoteza 12 nyingine. Nguvu inafika kwenye skrubu ya kukamulia ikiwa asilimia 79. Mkanda na puli moja kwa moja kutoka kwenye injini ungefikisha 95. Tafuta injini ya dizeli ya peke yake kama wanavyofanya wa mashine za kusaga, jenereta ndogo ibaki na taa na pampu. Dizeli ya kukamulia itapungua karibu moja ya sita. Linganisha na ile asilimia 2 ya mvuke.

Mkamuaji_Singida
Wakuu, nimesoma uzi wote mara mbili. Mtungi nimeurudisha kwa mwenye chuma chakavu. Nitaanza na injini ya mkanda, halafu koti la maji nilifunge kwenye moshi wa hiyo hiyo. Swali la mwisho: nina koili nzuri ya shaba ya kiyoyozi. Naweza kuitumbukiza ndani ya pipa la mafuta, maji ya moto yapite humo badala ya kuunda pipa ndani ya pipa?

Mama Mashudu
Shaba isiguse mafuta ya kula, mwanangu. Yanachacha upesi, mteja atarudisha dumu ndani ya mwezi. Itumie upande wa maji tu. Ndani ya mafuta weka chuma cha pua, hata kama ni bomba fupi.

Oila Mstaafu
Na lile tangi la maji lisifunikwe kwa mfuniko wa kubana, hata siku ya vumbi. Weka bati juu lilale tu.