Picha za matembezi na baba zimeharibika karibu zote, naombeni ushauri kabla hatujarudi

Mtembezi_na_Kamera

Wakuu, habari za muda huu. Mimi si mtaalamu, napiga picha kwa mapenzi tu siku za mapumziko, mwaka mmoja sasa. Kamera ni ya kubadilisha lenzi, ila lenzi yangu ni ileile iliyokuja nayo kwenye boksi, 18-55.

Jumapili iliyopita nilimtoa baba matembezi ziwani. Tangu astaafu hatukuwahi kutoka wawili tu. Siku hiyo alichangamka mno, akawa anaokota vijiwe bapa na kuvirusha viruke juu ya maji, kama alivyonifundisha utotoni. Nilipiga picha zaidi ya 400. Kuzifungua nyumbani, moyo ukanyong'onyea. Alipokuwa anarusha, mkono umefutika wote, na alipokaa jua la jioni likiwa mgongoni kwake, uso mweusi tii. Za kumwonyesha hazifiki tano.

Tumepanga kurudi. Ninunue lenzi nyingine au kuna kitu nakosea? Naombeni mbinu nyepesi ninazoweza kuzikumbuka nikiwa palepale.

Alfajiri_Mapema

Pole sana ndugu. Lenzi iache kwanza. Fungua picha moja iliyofutika mkono, soma taarifa zake, kisha utuambie shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ilikuwa ngapi na ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ngapi.

Huo uso mweusi una sababu yake. Kamera hupima mwanga wa eneo lote, na mbingu ya jioni inang'aa kuliko uso wa mtu. Ikiona mwanga mwingi inaupunguza, mbingu inapona, mzee anabaki gizani. Tafuta kitufe chenye alama ya +/- usogeze hadi +1 au zaidi kidogo. Mbingu itapauka, lakini uso utarudi. Au mwombe ageuke kidogo tu, jua limpige ubavuni. Mimi kwa wazee napenda hivyo kuliko flashi: mikunjo ya uso inaonekana, na machoni kunabaki kinuru kidogo. Bila kile kinuru macho huonekana kama yamelala.

Mtembezi_na_Kamera

Ahsante mkuu. Nimeangalia: shata 1/40, f/5.6 (tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), ISO 100, lenzi imevutwa hadi 55. Niliwahi kuambiwa ISO isipandishwe, picha itajaa chengachenga, kwa hiyo huwa naifunga kwenye 100.

Kivuli_na_Nuru

Hapo ndipo tatizo lilipo. Ndani ya 1/40 ya sekunde mkono unaorusha jiwe umeshasafiri mbali, kamera ikaunasa safari nzima.

Fanya hesabu hii: ISO ikitoka 100 hadi 1600 imepanda mara 16, na shata nayo inaweza kwenda kasi mara 16. 1/40 yako inakuwa 1/640, na picha ina mwangaza uleule. Chengachenga zitakuwepo, sawa. Lakini chengachenga zinavumilika, picha iliyofutika hakuna programu itakayoirudisha vizuri. Nimepoteza picha za mwaka mzima kwa kuogopa ISO, sitaki yakukute.

Vipimo vyangu ni hivi: mtu aliyetulia 1/125, anayetembea 1/250, mtoto anayekimbia au mtu anayerusha kitu 1/500 na kuendelea. Weka kamera kwenye S (nyingine huandikwa Tv), chagua shata wewe, ISO iache ijipangie. Viwiko vibane mbavuni, toa pumzi taratibu, ndipo ubonyeze.

Mama_Lenzi

Kaka, picha 400 kwa jioni moja ni nyingi. Sikulaumu, nilikuwa hivyohivyo, mpaka siku niliyomfuata mdiria, yule ndege mla samaki.

Saa nzima ya kwanza nilimkimbiza ukingoni mwa mto. Nikisogea anaruka, nikimlenga ameshaondoka. Nikachoka, nikakaa juu ya jiwe. Nilipotulia ndipo nikagundua kwamba kila akitoka majini anarudi kwenye tawi lilelile kavu. Nikalenga tawi lenyewe, nikafunga fokasi hapo, shata 1/2000, nikangoja. Miguu ilikufa ganzi. Aliporudi, samaki mdogo mdomoni, nilikuwa nimeshajiandaa. Nilibonyeza mara tatu tu. Kwenye picha ya pili kuna tone la maji linaning'inia mkiani, ndani yake unaona anga. Nimeiweka ukutani.

Baba yako naye ana tawi lake. Mtazame kwanza: anasimama wapi, anainamaje kuchagua jiwe, anavuta mkono mpaka wapi. Mwache arushe mara tano kamera ikiwa shingoni. Ya sita utajua lini ubonyeze. Na upige magoti, usawa wa kiuno chake, ili maji yaonekane nyuma yake badala ya nyasi.

Jicho_la_Tai

Sipingi hayo, ila la lenzi nalitetea kidogo. 50mm ya f/1.8 ni nyepesi, na inaingiza mwanga takriban mara 10 ya f/5.6. Jioni inasaidia mno. Tahadhari moja: kwa f/1.8 ukiwa karibu, jicho linakuwa kali na sikio limeshaanza kuyeyuka. Fokasi iwe jichoni siku zote.

Alfajiri_Mapema

Nzuri, lakini aazime kwanza. Na nendeni mapema, saa moja kabla jua halijazama, msifike likiwa limeshazama.

Mtembezi_na_Kamera

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Lenzi sikununua. Tulifika jua lingali juu kidogo, kamera ikashinda shingoni karibu nusu saa. Dada Mama_Lenzi, ni kweli: kabla ya kurusha, baba hulisugua jiwe kwa kidole gumba, mara mbili, kisha anatabasamu. Maisha yangu yote sikuwahi kuliona hilo.

Nimepiga 38. Moja ni ya mkono wake tu, 1/800, ISO 1600. Jiwe limeshatoka vidoleni, halijagusa maji, na kwenye kidole gumba kuna vumbi la lile jiwe. Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera aliitazama muda mrefu, akaniambia, "Huu ni mkono wa babu yako kabisa."

Ameomba nimchapishie mbili. Chengachenga hakuziona.