Naomba ushauri: nanunua soko la wakulima kila Jumamosi, lakini kufikia Jumatano nusu imeoza

KikapuKizito (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ni miezi miwili sasa tangu nilipoacha kununua mboga na matunda kidogo kidogo siku za kazi, nikaamua kwenda soko la wakulima kila Jumamosi asubuhi, kwa imani kwamba kitu kilichotoka shambani moja kwa moja kitakaa wiki nzima bila taabu. Imani hiyo imenitokea puani. Vitu vinapofika nyumbani vinapendeza, ila kufikia Jumatano mboga za majani zimegeuka njano, nyanya za chini zimetoa maji, na juzi nilipofungua mfuko wa viazi nilikuta vimechipua, huku vitunguu nilivyovichanganya humo vikiwa vimelainika kiasi kwamba kidole kinazama.

Nyumbani tuko wanne, mmoja wetu bado mchanga, jokofu letu ni dogo, na siku za kazi tunapika jioni tu. Naomba kujua kama kosa langu ni la kuchagua, la kutunza, au nanunua vingi kuliko tunavyokula. Nina shaka nyingine pia: wapo wauzaji sokoni hapo ambao siamini kuwa ni wakulima, kwa sababu meza moja ina kila tunda unaloweza kulitaja, yote ya ukubwa mmoja kana kwamba yametoka kiwandani. Ningependa kuuliza, lakini naona haya kumhoji mtu kama askari. Ninyi mnauliza nini, na kwa maneno gani?

MkonoWaUdongo

Karibu, ndugu. Mimi hukaa upande wa pili wa meza, kwa hiyo nitaanza na hilo la mwisho. Usimuulize mtu kama yeye ni mkulima, maana hata mchuuzi atasema ndiye. Muulize, "Hii mmeivuna lini?" kisha, "Wiki mbili zijazo mtatuletea nini?" Aliyelima hujibu swali la pili kabla hujalimaliza, na mara nyingi atakuongezea malalamiko yake kuhusu mvua, wadudu au palizi iliyochelewa. Asiyelima atakuambia kwamba kila kitu kitakuwepo kama kawaida. Sisi wengine hatuna kila kitu. Tuna kinachotoka msimu huo, kikubwa kwa kidogo, kilichonyooka na kilichopinda, na siku nyingine tunafunga meza mapema kwa sababu ni tuta moja tu lililokuwa tayari.

Niwatetee kidogo wachuuzi, lakini. Mimi mwenyewe hubeba karoti za jirani yangu asiye na usafiri, na mteja akiuliza ninamwambia ni za jirani. Sioni ubaya wa kuuza cha mwenzako mradi usikiite chako.

Kuhusu mboga za majani, acha kutazama majani, tazama mahali kisu kilipopita. Shika fungu, uligeuze, uangalie ncha za mabua. Iliyokatwa alfajiri bado ina unyevu na rangi ya kijani iliyopauka. Ya juzi imekauka na kuwa kahawia, na ukiibana haitoi chochote. Majani yenyewe yanaweza kukudanganya, kwa sababu muuzaji akiyanyunyizia maji kila mara yatang'aa hata kama yana siku tatu, na maji hayo hayo ukiyafungia ndani ya mfuko wa plastiki ndiyo yanayoanza kuyaozesha njiani.

BibiWaGhala

Ndugu KikapuKizito, pole. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na naona sehemu kubwa ya hasara yako inatokea nyumbani, kuanzia na huo mfuko wa viazi na vitunguu. Viazi hutoa unyevu, vitunguu hutaka pakavu penye hewa, kwa hiyo vikikaa pamoja haviwezi kupona vyote. Viazi viweke gizani na mahali penye ubaridi kiasi. Vikipata mwanga hugeuka kijani chini ya ganda, na hiyo ni dalili kwamba vinajijengea sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Sehemu ya kijani na macho yaliyochipua huchimbwa na kutupwa, na kiazi kilichokuwa kijani kwa sehemu kubwa hutupwa chote.

Kisha kuna suala la gesi, ambalo watu wengi hawalifikirii. Ndizi, maparachichi, maembe, mapapai, matufaha na hata nyanya, yanapoiva, hutoa gesi ya ethilini, na ndiyo hiyo inayofanya kazi tunapovundika ndizi ndani ya chombo kilichofunikwa. Ukilaza mboga za majani au matango kando ya ndizi mbivu, yatageuka njano kabla ya siku zake, na ningekuwa mtu wa kuweka dau ningesema hicho ndicho kilichokupata. Gesi hiyo unaweza pia kuitumikisha: parachichi gumu likifungwa kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu hulainika mapema, na likishalainika linahamia jokofuni, likakusubiri siku kadhaa. Lakini si kila tunda linavundikika. Nanasi, chungwa, zabibu na tikiti maji havizidi utamu baada ya kuchumwa, hata uvifunike mwezi mzima, kwa hiyo hivyo vinunue vikiwa vimeiva tayari. Kwa tikiti mimi hutafuta doa la upande uliolalia udongo. Likiwa la njano kama siagi, tikiti lilikaa shambani vya kutosha, na likiwa jeupe naliacha.

Nyanya ambazo hazijaiva usizitie jokofuni, kwa kuwa baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi za Selsiasi huzizuia kuiva vizuri na huzipunguzia ladha. Zitandaze kwenye sinia zisipandane. Za chini ya kikapu zinatoa maji kwa sababu zimebeba mzigo wa wenzao tangu sokoni. Mboga za majani zifungue kamba mara tu unapofika, utoe yaliyopondeka, uzifunge kwa kitambaa kikavu, na usizioshe hadi siku ya kupika. Karoti zikija na majani yake, yakate siku hiyo hiyo, kwani huendelea kunyonya maji ya mzizi.

Na unapopanga kununua, usiihesabu wiki kama kitu kimoja. Majani laini ni ya Jumamosi hadi Jumatatu. Biringanya, hoho na maharage mabichi yatakuvusha Jumanne na Jumatano. Alhamisi na Ijumaa ni za kabichi, karoti na boga, ambavyo havina haraka. Kwa watu wanaopika jioni tu, mafungu sita ya majani kwa Jumamosi moja hata malaika hawawezi kuyaokoa.

NaendaMchana

Naomba kutofautiana kidogo na waliotangulia, kwa sababu inaonekana kama kwamba kila mtu lazima adamke alfajiri. Mimi huenda saa ya mwisho ya soko, wakati ambapo wauzaji hawataki kurudi na mzigo, na hununua nyanya zilizoiva kupita kiasi kwa bei ya chini sana. Siku hiyo hiyo nazichemsha, nazisaga, na kuzigandisha kwa vipimo vya mlo mmoja mmoja. Kwa mtu ambaye nyanya zake zinaoza Jumatano, naona ni busara zaidi aziwahi kuliko kutafuta namna ya kuzibembeleza.

MkonoWaUdongo

Kwa nyanya za kupika nakubaliana nawe kabisa, na sisi tunafurahi zikiondoka. Kwa majani sikubaliani, kwa sababu yaliyokaa mezani juani tangu asubuhi hadi mchana yamekwisha kupoteza maji mengi, na hata yakirudi kusimama ukiyatumbukiza kwenye maji baridi, maisha yake yamebaki mafupi. Halafu tafadhali, anayekuja saa za mwisho asidai bei ya vilivyochoka kwa kitu ambacho bado ni kizima.

MizaniYaHaki

Nitagusia kipimo tu. Kabla bidhaa haijawekwa, hakikisha mshale au namba iko kwenye sifuri, na kama kuna bakuli juu ya mizani, liwe limekwisha kuondolewa kwenye hesabu. Ukiwa na shaka, weka juu yake pakiti ya kilo moja ambayo haijafunguliwa kutoka kwenye kikapu chako, bila maneno mengi. Penye kuuza kwa mafungu, omba uchague mwenyewe, au angalau uone la chini kabla halijamiminwa.

Pukusa

Wenzangu wamezungumzia vibichi, nami nataka kuongezea vikavu, kwa sababu hapo makosa hayaonekani upesi. Maharage yenye matundu madogo yamebunguliwa, na ukiyaweka ndani utakuwa umewakaribisha wadudu kwenye nafaka zako zote. Karanga na mahindi ni jambo zito zaidi, kwa sababu vikihifadhiwa na unyevu huota kuvu inayotengeneza sumukuvu, na sumu hiyo inastahimili moto wa jikoni. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyo chungu usiimeze kwa kuona haya mbele ya muuzaji. Iteme, kisha uache mfuko wote. Ingawa hata iliyo nzuri kwa macho inaweza kuwa nayo, hizo mbaya ndizo zinazotangulia kushukiwa.

Kwa mahindi makavu upo ujanja wa zamani wa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, utikise vizuri, kisha uiache itulie kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15, na hayo hayafai kuwekwa ghalani hadi yaanikwe tena. Mimi huomba kiganja kimoja cha mahindi, nakwenda kupima nyumbani, na gunia nalinunua Jumamosi inayofuata.

KikapuKizito

Ndugu zangu, nimerudi na taarifa. Jumamosi hii nilimuuliza mama mmoja mwenye meza ndogo swali la wiki mbili zijazo. Alicheka, akasema, "Mwanangu, vitunguu vikitaka kutoka vitatoka, ila nimekwisha kuvisemesha," kisha akanieleza tuta kwa tuta hadi nikasahau nilichokwenda kununua. Kwenye ile meza ya kila tunda nilijibiwa kwamba yote yamevunwa jana, mananasi pamoja na matufaha. Sikubishana naye, nilishukuru nikaondoka.

Nilinunua mafungu mawili tu ya majani, nikayageuza na kuangalia ncha kama nilivyoelekezwa, na leo ni Jumatano, fungu la pili tulilimaliza juzi bila jani hata moja la njano. Nyanya ziko kwenye sinia, na ndizi nimezihamishia upande mwingine wa jiko.

Limebaki swali moja. Huyo mama aliniuzia pia chupa ya asali, nayo imeanza kuganda kama sukari chini. Je, imechanganywa? Nauliza kwa sababu nilitaka kumlambisha mtoto, ambaye ana miezi tisa na anakohoa.

BibiWaGhala

Kuganda hakuthibitishi kwamba imechanganywa. Asali halisi nyingi huganda kwa sababu ya sukari aina ya glukosi iliyomo, nyingine upesi na nyingine polepole, kulingana na maua ambayo nyuki walitembelea. Iweke chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, itayeyuka. Zile mbinu za kudondosha asali kwenye maji au kuiwasha kwa kiberiti usizitegemee kujua iliyo safi.

Lakini mtoto usimlambishe hata tone, iwe safi namna gani. Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha ugonjwa wa botulizimu kwa watoto walio chini ya miezi 12, kwa kuwa matumbo yao bado hayawezi kuvizuia, na kuipasha moto jikoni hakuviui. Hicho kikohozi kipeleke kwa mhudumu wa afya.

KikapuKizito

Nashukuru sana, bibi. Kijiko kilikuwa kimekwisha kuwekwa mezani. Chupa nimeipandisha rafu ya juu, na kesho asubuhi tunakwenda kliniki.