Nadaiwa na NANI? Barua ya kazini ya Kiingereza imenitia hatiani na hakuna aliyenishtaki

Wakuu, salaam. Niko Tanga mjini, Ngamiani, na naandika nikiwa na hasira. Wale wa kuja kusahihisha herufi kubwa na ndogo, leo piteni mbali.

Mimi ni mtunza stoo, mwaka wa sita huu. Jana Jumatatu saa 9 alasiri nimeitwa ofisini, nimepewa barua ya ukurasa mmoja, Kiingereza mwanzo mwisho, nikaambiwa nisaini kwamba nimeipokea. Kampuni siitaji, nina watoto. Pale kazini sote tunaongea Kiswahili. Bosi Kiswahili, mlinzi Kiswahili na Kisambaa, hata dizeli yenyewe tunaipima kwa Kiswahili. Barua tu ndiyo Mzungu.

Nikaja nayo nyumbani. Kijana wa jirani, kamaliza kidato cha nne juzi juzi, akaishika akaanza kutusomea kibarazani. Akafika kwenye mstari wenyewe: "You are alleged to have been removing fuel from the store." Akatafsiri, "Unadaiwa..." halafu akasita, anatafuta maneno ya mbele. Mama alikuwa hapo anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Unadaiwa na nani tena mwanangu? Shilingi ngapi?"

Tukamweleza, mama, si deni, ni tuhuma. Wapi! Akaingia ndani, akatoka anafungua fundo la kanga: shilingi 40,000 za upatu. "Kawape hizi kwanza, zilizobaki waambie mwezi ujao."

Nilicheka, kisha kicheko kikaniisha. Katika watu wote walioishika barua ile, mama ambaye hakuisoma ndiye aliyeuliza swali lenyewe.

Usiku nikaenda Chumbageni kwa shemeji yangu, anafundisha Kiingereza sekondari. Akaisoma mara mbili, akavua miwani. Akasema wewe unalikodolea macho hilo "alleged", hebu tazama kinachofuata. Wangeandika "to have removed", maana yake nilitoa, siku fulani, basi. Wao wameandika "to have been removing". Yaani nimekuwa nikitoa. Ndio mchezo wangu huo, kila nikipata upenyo!

Sasa sikieni. Mlinzi mwenyewe kaniambia uso kwa uso alichoandika kwenye daftari la lindo: usiku mmoja, asubuhi yake hesabu imepungua madumu 3 ya lita 20. Mwisho. Hakuandika jina, hakuandika kwamba kamwona mtu. Daftari likapanda ofisini, likashuka kwa Kiingereza, na huko njiani usiku mmoja umegeuka mazoea na upungufu wa hesabu umegeuka mimi.

Na kwa nini kijana wa jirani hakulishtukia? Kwa sababu sisi tunasema "anadaiwa kutoa mafuta", na hiyo "kutoa" haina tarehe wala saa. Jana imo, kila wiki imo, sasa hivi nayo imo. Mwingereza wakati kaubana palepale mwishoni: "to steal" ni tabia yako, "to have stolen" uliiba ikapita, "to be stealing" mkono uko kwenye dumu muda huu tunaoongea. Ukivipeleka vyote vitatu kwenye Kiswahili cha haraka haraka vinatoka "kuiba". Mtu anafukuzwa kazi kwa kijineno ambacho ukikitafsiri kinayeyuka.

Shemeji akaendelea, maana akipata msikilizaji huyo hafungi duka. Kwamba ile "it" ya "it is said", "it is believed", "it has been reported" si mtu wala si kitu, imekaa pale kushika kiti kisibaki kitupu. Kwamba sentensi za kutendwa zina nafasi ya kumtaja mtendaji, kama sisi tunavyosema dumu limebebwa NA fulani, lakini kwenye sentensi za aina hii nafasi hiyo huachwa wazi karibu kila mara. Na kwamba kipo kitenzi "rumour" ambacho siku hizi wanakitumia kwa kutendwa tu. Mtu "is rumoured" kufanya hivi na vile, sawa. Lakini "they rumour", fulani na fulani wanavumisha? Husikii. Watu wana kitenzi kizima cha kuvumishiwa, mvumishaji hajazaliwa!

Najua wataalamu mtakuja: mkuu, hiyo ni tahadhari, hata magazeti yanaandika "anadaiwa" kwa sababu mahakama haijaamua. Nakubali. Gazetini neno hilo linamkinga mtuhumiwa, na mara nyingi mistari miwili mbele utamkuta kamanda wa polisi anatajwa kwa jina na cheo kwamba ndiye aliyesema. Kwenye barua yangu kamanda yuko wapi? Pale halimkingi mtuhumiwa, linamkinga msemaji.

Na sisi tusijifanye malaika. "Inasemwa" walau unaweza kuuliza na nani. "Inasemekana" hata hiyo "na" haipokei, jaribuni kuiunga "inasemekana na Juma" muone ulimi unavyogoma. Ni kauli ya kutendeka ile, ndugu yake kikombe kimevunjika. Kila mtoto aliyewahi kuvunja kikombe anaijua: "Mama, kikombe kimevunjika." Kimevunjika chenyewe, kilichoka kukaa kabatini.

Leo asubuhi kwenye kahawa mzee mmoja kanipa pole, halafu kamalizia na "lisemwalo lipo, kama halipo li nyuma laja". Nikamwambia mzee wangu, shikamoo, lakini lisemwalo na nani? Akageukia kashata yake.

Tena mji wenyewe huu! Waingereza waliposhuka hapa Novemba 1914 wakachapwa na kikosi kidogo cha Wajerumani na askari wao Waafrika, katikati ya risasi nyuki walichafuka wakauma watu wa pande zote mbili. Baadaye ikavumishwa huko Uingereza kwamba Wajerumani walikuwa wametega nyaya kwenye mizinga ya nyuki ili wachokozeke. Nyuki wa watu wakageuzwa mamluki. Basi nami nimo kwenye orodha ya nyuki. Mapango ya Amboni yasemekane yanatokea popote mnapotaka, hiyo haimfukuzishi mtu kazi. Mimi nina ada ya Januari.

Halafu kuna hili, na hapa ndipo naomba wanasheria wa humu mkae sawa. Kanuni za utendaji bora kazini, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri akueleze tuhuma kwa namna na lugha unayoweza kuielewa, na muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48. Mimi kikao changu ni kesho Jumatano saa 4 asubuhi. Nimehesabu kwa vidole, ni saa 43. Na lugha mmeshaiona. Sheria Na. 1 ya 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama za nchi hii, ila barua ya madumu matatu imeshindikana kuandikwa Kiswahili?

Ninachotaka kujua: nikienda kesho nikagoma kuanza mpaka nipewe muda wangu na barua ninayoielewa, watasema nimekaidi kikao? Mwenye uzoefu wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi aniambie leo, si wiki ijayo.

Majibu nimepeleka leo saa 3 asubuhi, kwa Kiswahili, mistari miwili: naomba jina la aliyeniona natoa mafuta, tarehe alizoniona, na idadi ya madumu kwa kila tarehe. Nimebaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi.

NYONGEZA, saa 11 jioni: wamejibu, kwa WhatsApp. Nawawekea kama ilivyo: "Your letter has been received and its contents have been noted."

Nimemtumia shemeji. Kanirudishia maneno mawili: "Na nani?"