Soseji za ng'ombe zinapasuka jikoni na ndani zinameguka, kosa liko wapi? (Mtwara)

Mshika Koleo:
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuuza soseji za kuchoma hapa Mtwara mjini, meza moja na mihogo na pweza. Sitaki za kugandishwa za dukani. Nataka nyama halisi ya ng'ombe, na nguruwe asiguse meza yangu.

Kwa kilo 5 natumia paja tupu, linasagwa buchani mchana. Nalaza usiku kucha kwenye saumu, tangawizi mbichi ya kutwanga, papai bichi kidogo na ndimu 6, kama mishikaki. Asubuhi natia chumvi kwa kukadiria, najaza kwenye utumbo wa mbuzi. Zikifika kwenye mkaa, nusu zinapasuka. Zinazobaki ndani ni pumba: kavu, zinameguka, maji yote yamekimbia. Kosa liko wapi? Na kuna soseji za nchi nyingine zinazoweza kuendana na walaji wa huku?

Fundi Nyama:
Mkuu, unatengeneza soseji kwa sheria za mishikaki, na hizo mbili zinakwenda njia tofauti. Mshikaki ni kipande kizima, unataka nyuzi zake zilegee. Soseji ni nyama iliyokwisha kusagwa, na kazi yako yote ni kuifanya ishikane upya. Papai bichi lina kimeng'enya cha papaini kinachovunja protini, na tangawizi mbichi ina cha kwake. Ukiviacha usiku kucha kwenye nyama ya kusaga, vinakula kila kitu ambacho kingeshika. Ndimu nayo huivisha protini kabla ya moto, na protini iliyokwisha kuiva hainati tena. Toa papai kabisa. Tangawizi tumia ya unga. Ladha ya ndimu iweke kwenye mchuzi wa pembeni.

Kinachoshikamanisha soseji ni chumvi. Inaivuta protini ya miosini itoke kwenye nyuzi, na hiyo ndiyo inayonata na kufungia maji na mafuta. Weka gramu 16 kwa kilo, yaani gramu 80 kwa kilo zako 5, na pima kwa mizani. Kijiko cha chumvi ya mawe kutoka mashamba ya chumvi ya pwani yetu na kijiko cha chumvi laini ya pakiti havina uzito sawa.

Paja tupu pia halifai, ndiyo maana ni kavu. Chukua kilo 3.8 za bega na kilo 1.2 za mafuta ya kifuani, au nundu ikipatikana. Usikubali mafuta ya figo: ni magumu, yakipoa kidogo tu yanaganda mdomoni kama nta.

Halafu baridi. Hapa ndipo wengi wa pwani tunaposhindwa, maana mchana wa Mtwara mafuta yanalainika yakiwa bado mezani. Kata vipande vya sentimita 3, viweke kwenye friza hadi kingo ziwe ngumu, kama dakika 45. Nenda buchani asubuhi, kabla mashine haijapata moto, na muombe muuzaji anoe kisu chake. Kisu butu hakikati mafuta, kinayapaka kwenye nyama, na mafuta yaliyopakaa huyeyuka yote jikoni na kuacha pumba unayoiona. Saga mara moja kwa sahani ya matundu ya milimita 8, inatosha.

Ukisharudi, tia chumvi, pilipili manga gramu 12, giligilani iliyokaangwa kavu na kusagwa gramu 25, kungumanga gramu 5, saumu gramu 40 iliyopitishwa kwenye mafuta na kupozwa. Mimina mililita 400 za maji ya barafu kidogo kidogo huku unakanda kwa nguvu dakika 4. Vidole visipouma kwa baridi, nyama imeshapata joto: irudishe kwenye friji. Bandika donge kwenye kiganja, geuza mkono chini. Lisipodondoka, iko tayari. Kaanga kipande kidogo uonje kabla ya kujaza, maana ikishaingia kwenye utumbo hakuna kurekebisha chumvi.

Dada wa Mikindani:
Fundi kamaliza ya ndani, niongeze ya nje. Kaka, utumbo wa mbuzi ni mzuri ila ni mwembamba, nao hupasuka kwa sababu tatu: haukupaliwa vizuri, umejazwa mno, au moto ni mkali. Ugeuze ndani nje, upale ute wote kwa mgongo wa kisu hadi ubaki ngozi inayopitisha mwanga. Uhifadhi kwenye chumvi kavu nyingi. Siku ya kazi, uroweke kwenye maji vuguvugu dakika 45, kisha pitisha maji ndani yake kama mpira wa bustani. Matundu yote utayaona hapo, si jikoni.

Usijaze mpaka ukakamae. Ukibonyeza kwa kidole, kibonyee kidogo, kwa sababu unaposokota kugawa vipande nafasi inapungua tena. Mapovu ya hewa yatoboe kwa sindano sasa hivi, kabla ya kupika. Kuchoma soseji kwa uma ikiwa kwenye mkaa ni kumwaga supu yote uliyoihangaikia.

Ukinunua utumbo wa kiwandani wa kolajeni, yaani protini ya ngozi za wanyama, soma pakiti. Upo wa ng'ombe na upo wa nguruwe, na kwa macho huwezi kuutofautisha.

Mshika Koleo:
Shukrani sana, wakubwa. Nimeelewa kuhusu papai. Swali la umeme: ukikatika mchana, soseji mbichi za jioni nazifanyaje?

Fundi Nyama:
Usipeleke mbichi barabarani, umeme uwepo usiwepo. Zichemshe nyumbani kwenye maji ya nyuzi 75 hadi 80, yanayotoa mvuke bila kutokota, dakika 20 kwa soseji nyembamba. Katikati ifike nyuzi 71. Nyama ya kusaga ina vijidudu hadi ndani, si juu tu kama kipande kizima, kwa hiyo kipimajoto cha sindano si anasa. Zitumbukize kwenye maji ya barafu, zikaushe, zipange kwenye deli lenye barafu, na barafu ikiyeyuka maji yatoke. Barabarani unazipa rangi na kuzipasha moto hadi ndani, dakika 6 au 7. Hizo hazipasuki hovyo kwa sababu ndani imeshashikana.

Mkaa usambaze upande mmoja wa jiko tu. Kiganja chako kikivumilia sekunde 5 juu ya wavu, moto unafaa. Vifuu vya nazi ni sawa kwa kuwashia. Maganda ya korosho hata kama unapewa bure yakatae: mafuta yake yanaunguza ngozi, na moshi wake hautakiwi karibu na chakula wala macho ya wateja.

Kinu na Mchi:
Kuhusu soseji za nchi nyingine, ningeanza na merguez ya Algeria, Tunisia na Morocco. Ni ya kondoo au ng'ombe, nyembamba, nyekundu kwa pilipili, na utumbo wake ni wa kondoo, kwa hiyo wa kwenu wa mbuzi unaingia bila kubadili kitu. Kwenye mchanganyiko wa Fundi punguza giligilani hadi gramu 10, weka bizari nyembamba gramu 20, shamari gramu 10, paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) gramu 40 na pilipili kichaa kadiri ya wateja.

Boerewors ya Afrika Kusini ndiyo yenye giligilani nyingi, karafuu na siki. Kule kanuni zinataka nyama isipungue asilimia 90 na mafuta yasizidi 30. Siki itiwe mwisho kabisa, kwa sababu ileile ya ndimu. Haikatwi vipande, inazungushwa kama mkeka wa ukindu na kuchomwa nzima.

Utumbo ukikosekana, tengeneza ćevapi za Bosnia: nyama, chumvi, saumu, na bikabonati ya soda gramu 5 kwa kilo, zilazwe kwenye friji usiku mmoja. Zifinyange kama kidole gumba, sentimita 8. Sarajevo huliwa 5 au 10 ndani ya mkate bapa na kitunguu kibichi. Hata Berlin, kwenye currywurst, soseji yao ya mtaani yenye mchuzi wa nyanya na bizari, muuzaji anakuuliza unataka yenye utumbo au isiyo nao, kwa hiyo usione ni upungufu.

Mchuzi usiende mbali, vuka Ruvuma tu. Piri-piri ya Msumbiji: pilipili kichaa 15, saumu punje 8, chumvi kijiko kimoja cha chai, ndimu 4, mafuta mililita 150. Twanga pilipili, saumu na chumvi, chemsha kwenye mafuta moto mdogo dakika 3, epua, ndipo ukamue ndimu. Ukikamua mafuta yakiwa jikoni yanaruka usoni, na ndimu inakuwa chungu. Tengeneza ya siku hiyo hiyo, saumu ndani ya mafuta isilale nje ya friji. Wape na boflo iliyopashwa kwenye wavu, au na ming'oko msimu wake ukifika, maana ming'oko na pilipili wateja wako wanavijua tayari.