Kigezo cha thamani nyingi kinagoma kwenye SSRS

Swali: Wakuu, nina ripoti ya mauzo kwenye SQL Server Reporting Services (SSRS). Kigezo (parameter) @Mkoa nimekiruhusu kipokee thamani nyingi. Nikichagua Mwanza pekee, data inakuja. Nikiongeza Dodoma: "Incorrect syntax near ','". Kwiri (query) inaishia na `WHERE Mkoa = @Mkoa`.

Jibu: Tatizo ni hiyo `=`. SSRS inabadilisha @Mkoa kuwa 'Mwanza','Dodoma' kabla ya kutuma kwiri, na `=` haipokei orodha. Andika `WHERE Mkoa IN (@Mkoa)`, na mabano usiyasahau.

Jibu: Sawa mkuu, ila hiyo ni kwa kwiri iliyoandikwa ndani ya ripoti. Ukihamia prosija (stored procedure, yaani kwiri iliyohifadhiwa ndani ya hifadhidata), orodha inafika kama neno moja, 'Mwanza,Dodoma'. IN haipati kitu, ripoti inatoka tupu bila kosa lolote, na hapo ndipo watu hupoteza siku nzima. Ipasue:

`WHERE Mkoa IN (SELECT value FROM STRING_SPLIT(@Mkoa, ','))`

Inataka SQL Server 2016 kwenda juu, na hifadhidata iwe kwenye kiwango cha utangamano (compatibility level) cha 130 au zaidi. @Mkoa iwe nvarchar(max). Ukiweka nvarchar(50), yaani herufi 50 tu, mikoa ya mwisho inakatwa kimyakimya. Kama majina yana koma ndani, tuma namba za mikoa badala yake.

Muuliza swali: IN imekubali, asanteni. Lakini kichwa cha ripoti kinaonyesha Mwanza tu.

Jibu: Bila shaka ulibofya kigezo mara mbili kwenye kihariri cha fomula (expression), kikaingia na (0) mwishoni. Hiyo ni thamani ya kwanza pekee. Weka `=Join(Parameters!Mkoa.Value, ", ")`.