Saint-Saëns Simfonia Namba 3: Munch 1959 au Paray 1957?

KinandaMoto: Wadau, wiki hii nasikiliza santuri mbili za ile simfonia ya kinanda cha kanisani, mtunzi Saint-Saëns aliiandika 1886 kwa ajili ya London. Moja Charles Munch na okestra ya Boston, nyingine Paul Paray na Detroit, wote waongozaji okestra Wafaransa waliokuwa wanafanya kazi Marekani. Mimi niko kwa Munch. Ile C meja, noti nyingi kwa mpigo mmoja, kinanda kinapofunguka sehemu ya mwisho, mpiga kinanda Zamkochian anaiachia yote mpaka dirisha linatetemeka. Nyie je?

SautiYaPili: Paray bila kufikiria mara mbili. Watu mnakimbilia ile C meja ila kinanda kinaanza kuingia kwenye sehemu ya polepole, chinichini kabisa, nyuzi (violini na wenzake) zinaimba juu yake, na hapo ndo unamjua mpigaji. Detroit kinanda anapiga Marcel Dupré, mpiga kinanda wa kanisa la Saint-Sulpice pale Paris, haogopi kupiga kidogo. Halafu Paray haburuzi. Mwanzoni violini zinavyotetemeka, ule wimbo wa misa ya wafu, Dies irae, umefichwa mle ndani, kwa Paray nasikia kila noti.

juma_spika: Hiyo ni kazi ya Mercury pia, kampuni iliyomrekodi Paray, stereo yao walitumia maikrofoni tatu tu mbele ya okestra, ndo maana ukifumba macho unajua tarumbeta zimekaa wapi. Boston ukumbi wenyewe una mwangwi mtamu, nyuzi zinajaa. Hedifoni chukua Paray, spika kubwa chukua Munch, vispika vya bluetooth achana navyo zile besi za kinanda hutazisikia.

besi_tabata: Mbona mwongozaji Barenboim na okestra ya Chicago hamjamtaja? Miaka ya 70, kinanda kilirekodiwa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, kikaja kuunganishwa na okestra. Ni kikubwa balaa!!

SautiYaPili: Kikubwa ndio, ila mpigaji yuko Ufaransa okestra iko Chicago, watapumua pamoja saa ngapi? Kwenye polepole naisikia hiyo nafasi kati yao.

KinandaMoto: Hapo kwa Chartres tuko pamoja. Ila polepole bado nampa Munch, zile nyuzi za Boston zinavyopanda taratibu juu ya kinanda, Paray anapita haraka mno pale mahali pa kukaa.

SautiYaPili: Haraka? Anaacha wimbo utembee, sikiliza tena violini zinapojibizana.